Nani Amevamia Mlima Elgon?

(Mazungumzo yetu ya kila juma, kama yalivyosomwa redioni)



Leo nina deni, na kwa kuwa nilikopa hadharani ni haki nilipe hadharani. Majuma machache yaliyopita, katika kipindi hiki hiki, nilizungumza juu ya uhaba wa maji mijini. Nilieleza jinsi misitu ya milimani inavyokwisha, nikataja makaa, nikataja mbao, na nilipofika Mlima Elgon nikasema bila kusita kwamba serikali iwaondoe wavamizi wote walioko juu kule, mara moja tu, mambo yaishe. Baadhi yenu mlinipigia simu mkanipongeza. Nami nikajiona nimenena.

Siku tisa baadaye nikapata barua. Iliandikwa kwa kalamu kwenye karatasi mbili zilizochanwa daftarini, na ililetwa mjini na utingo wa matatu. Aliyeiandika ni kijana wa upande wa Chebyuk, katika Kaunti ya Bungoma. Anasema jioni ile walikuwa jikoni na nyanya yake, redio inazungumza. Nilipotamka neno "wavamizi" nyanya aliinuka akaizima. Hakusema kitu. Tangu siku hiyo hataki iwashwe saa ya kipindi changu. Nyanya huyo, barua inaendelea, alizaliwa Chepkitale, juu kabisa, pale miti inapokwisha na nyasi za baridi zinapoanza. Aliteremshwa akiwa tayari mama wa watoto wawili. Kijana akaniuliza swali moja: mtu anawezaje kuvamia mahali alipozaliwa?

Sitawaficha. Jibu la kwanza lililonijia lilikuwa la kiburi. Sisi tunaosema redioni hatupendi kusahihishwa, maana tumezoea kusema na mashine isiyojibu. Barua nikaitia kwenye droo. Lakini swali lenyewe lilikataa kukaa drooni, nikawa nalo njiani, nalo mezani, hata kitandani. Basi nikaanza kusoma na kuuliza wanaojua, na leo nataka niwape niliyoyapata.

Mimi nimekulia Kitale. Mlima ule niliuona kila asubuhi kupitia dirisha la darasa, siku za mawingu ukijificha kama mwanafunzi asiyefanya hesabu zake. Mwalimu wetu wa jiografia alitukaririsha habari zake. Elgon ni volkeno iliyozimika. Ilianza kujengeka miaka milioni 24 hivi iliyopita, zamani sana kabla ya Kilimanjaro. Msingi wake una upana wa kilomita 80 hivi, na juu kuna kasoko kubwa ambamo chemchemi za maji moto bado zinatoa mvuke karibu na mto Suam. Kilele cha juu kabisa, Wagagai, chenye mita 4,321, kiko Uganda, jambo lililotuudhi sana sisi watoto wa Kenya. Mwaka 1968 sehemu ya upande wetu, kilomita za mraba 169, ikafanywa mbuga ya taifa. Nao Waganda mwaka 1993 wakafanya upande wao kuwa mbuga, kubwa zaidi, ya kilomita za mraba zipatazo 1,100.

Hayo yote nilipata alama zake katika mtihani. Lakini katika masomo yale yote hatukutajiwa mtu hata mmoja. Tembo walitajwa. Nyani walitajwa. Lobelia, ule mmea mrefu wa ajabu wa kule juu, tuliuchora daftarini. Watu hawakuwamo. Nadhani ndipo nilipojifunza kosa langu, maana mtoto aliyefundishwa mlima usio na watu, akiona mtu mlimani atamwita nani kama si mvamizi?

Kumbe hata jina lenyewe ni la watu. Kwa maelezo yanayojulikana zaidi, Elgon limetokana na Elgonyi, ndio Wakony, ambao leo tunawahesabu miongoni mwa Wasabaot. Wabukusu wa Kenya na Wagisu wa Uganda wao huuita Masaba, kwa jina la babu yao. Wagisu husimulia kwamba Masaba alitoka mlimani, akampenda msichana aitwaye Nabarwa wa jamii ya Wakalenjin. Msichana akakataa kuolewa mpaka huyo bwana atahiriwe kama desturi ya kwao. Akatahiriwa. Ndio mwanzo wa imbalu, jando lile linalofanywa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, vijana wakipakwa unga na matope na kucheza barabarani hadi mji wa Mbale unatikisika. Angalieni basi jinsi hadithi yenyewe ilivyo: kabila moja linasema desturi yake kuu lilipewa na jirani, na wote wawili wamekutania mlimani. Wanasiasa wetu wangeisikiliza hadithi hiyo.

Wala mlima si mambo ya babu na tambiko tu. Mlima ni chungu jikoni. Aliyewahi kula Mbale anajua malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayokaushwa kwa moshi kisha yakapikwa kwa karanga. Mianzi hiyo haioti bustanini kwa mtu. Iko juu msituni, ndani ya eneo la mbuga, na kwa miaka kadhaa sasa baadhi ya vijiji vimeandikiana mapatano na wakuu wa mbuga waingie kuchuma kwa majira maalumu. Huko nyuma, aliyekwenda kuchuma mboga ya mama yake aliitwa mhalifu.

Kuna na mapango. Kitum ndilo mashuhuri, linaingia ndani ya mwamba mita 200 hivi. Tembo huingia usiku gizani, wakapapasa kwa mikonga, wakachimba ukuta kwa pembe, wakala chumvi. Watalii hutoka mbali kuja kutazama jambo hilo. Dunia ililijua pango hilo pia kwa sababu ya ugonjwa wa Marburg, kwa kuwa Mfaransa mmoja mwaka 1980 na kijana mmoja wa Kidenmark mwaka 1987 walilizuru kisha wakaugua na kufa. Lakini chumvi hiyo hiyo ndiyo wenyeji waliyowapa ng'ombe wao tangu zamani, na mapango mengine yalikuwa nyumba. Mskochi Joseph Thomson alipofika mwaka 1883 alikuta watu wakiishi mapangoni na mifugo yao, wamejenga maboma kwenye milango ya mwamba. Yeye alishangaa ni nani aliyeyachimba. Wenyeji hawakuona la kushangaza, ni kwao.

Mgeni mwingine alikuwa Carl Jung, yule daktari wa nafsi kutoka Uswisi, aliyepiga kambi kwa Waelgonyi mwaka 1925. Alizungumza nao kwa Kiswahili cha kuokoteza, kamusi mkononi. Ameandika katika kumbukumbu zake kwamba watu wale, jua linapochomoza, walitema mate viganjani na kuviinua kulielekea jua. Akamwuliza mganga mkuu wao juu ya ndoto. Mzee akasikitika, akamwambia kwamba zamani waganga waliota, wakajua kama kuna vita au maradhi au mvua inakuja. Tangu wazungu waje hakuna anayeota tena. Ndoto hazihitajiki, kwa sababu sasa Bwana Mkubwa wa wilaya ndiye anayejua kila kitu.

Niliposoma hapo nilikifunga kitabu kidogo. Kwa sababu, wasikilizaji, yaliyofuata miaka mia moja baada ya mzee yule ni habari ya mabwana wakubwa wanaojua kila kitu.

Wa kwanza walikuwa wakoloni. Chini ya mlima, upande wa mashariki, kuna uwanda wenye rutuba wa Trans-Nzoia. Wasabaot walichunga huko. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia uwanda ule ukakatwa mashamba ya walowezi, wenyeji wakasukumwa kupanda. Mpaka wa Kenya na Uganda nao ukawa umepita juu ya kasoko, ndugu wakagawanywa: Wasabaot huku, Wasebei kule. Tume ya Ardhi ya Carter, katika miaka ya 1930, ikasikiliza madai ya watu wa Elgon, lakini uwanda hawakurudishiwa. Wakabaki na nyanda za juu zenye baridi, Chepkitale ikiwamo. Kwa Waogiek, ambao ni wafuga nyuki na wachungaji wa kule juu, hapo palikuwa pao tangu hapo. Lakini sasa palikuwa pao kwa maandishi ya serikali. Tulieni na jambo hilo, tutalirudia.

Baada ya uhuru wakaja mabwana wetu wenyewe. Wakaona si vema watu wakae juu kule penye ukungu, mbali na shule na zahanati, na penye msitu unaotakiwa kuhifadhiwa. Mwaka 1971 ukaanza mpango wa makazi wa Chebyuk, chini ya mlima, ili watu wa Chepkitale washuke wapewe mashamba. Ndio mwaka wa nyanya wa barua yangu.

Kwa karatasi mpango ulikuwa mzuri. Tatizo ni kwamba Chebyuk haikuwa sahani tupu. Wasabaot wa pale wana maneno mawili ya kale, Mosop na Soy. Mosop ni juu, Soy ni chini. Watu wa Mosop walipoteremshwa, walikuta watu wa Soy wakidai ardhi hiyo hiyo. Kisha wakaja maofisa na wanasiasa, kila mmoja na orodha yake. Majina yakaongezwa usiku, mengine yakafutwa mchana. Mpango ukafanywa mara ya pili, ukafanywa mara ya tatu. Mtu alipewa shamba, akajenga, akapanda mahindi, kisha akaambiwa ugawaji ule umefutwa, angoje mwingine. Miaka thelathini na mitano watu waliishi namna hiyo, bila hati, wakitazamana.

Waogiek wengine walichoka wakapanda kurudi Chepkitale na ng'ombe wao. Walikosea? Wangekwenda wapi? Mwaka 2000 serikali ikatangaza katika gazeti lake rasmi kwamba Chepkitale ni hifadhi ya wanyamapori. Waliorudi wakafukuzwa. Hapo ndipo neno "mvamizi" lilipopata mhuri.

Na chini, mwaka 2006, ugawaji wa awamu ya tatu ya Chebyuk ulipowaacha wengi mikono mitupu, wakatokea vijana waliojiita Jeshi la Ulinzi wa Ardhi ya Sabaot. Wengi wao walitoka Soy. Walianza kwa kusema wanalinda ardhi, wakaishia kuua, kukata watu masikio, kutoza kodi maskini wenzao na kuchoma nyumba. Zaidi ya watu 600 waliuawa. Maelfu kwa maelfu walikimbia. Nakumbuka nilivyoona Bungoma akina mama wamelala uani kwa kanisa, vitu vyao vimefungwa kwenye shuka. Machi 2008 jeshi la Kenya likapanda mlima katika operesheni iliyoitwa Okoa Maisha, na mwezi Mei kiongozi wa kundi lile akauawa. Lakini jeshi nalo liliwakusanya wanaume na vijana kwa maelfu, na mashirika ya haki za binadamu yaliandika mwaka huo huo habari za mateso na za waliochukuliwa wasirudi. Hadi leo kuna wake kule ambao hawajui kama ni wajane.

Katika mazungumzo yangu ya majuma yale nilisema "waondolewe mara moja tu". Sikujua kwamba walikwisha kuondolewa mara moja tu, mwaka 1971, na kwamba vita vyote hivyo vilikuwa ndani ya huko kuondolewa, kama nyoka ndani ya mzigo wa kuni.

Msidhani Uganda waliendesha mambo vizuri zaidi. Huko wako Wabenet, watu wa nyanda za juu vilevile. Mwaka 1983 serikali ilikata hekta 6,000 za msitu iwaweke hapo. Kazi ikafanywa kwa mapendeleo, waliopata si wote waliostahili, na wenyewe wengi wakabaki nje. Mwaka 1993 msitu ukafanywa mbuga, na Wabenet wakaamka wako ndani yake bila kuhama hata hatua. Wakaenda mahakamani. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Uganda ikaidhinisha mapatano yanayowatambua kuwa wenyeji wa asili wa eneo lile wenye haki ya kuishi na kulima humo. Mnamo Februari 2008, miaka mitatu haijatimia, wengi wakafukuzwa. Shirika la Amnesty International lilipokwenda kuandika habari zao mwaka 2021, liliwakuta wangali katika makambi ya vibanda vya miti na udongo, yaliyoitwa ya muda.

Tena kuna kisa cha miti ya Uholanzi, ambacho sikuwa nimekisikia kabisa. Mwaka 1994 shirika la Kiholanzi liitwalo FACE, lililoanzishwa na kampuni za umeme za huko, liliafikiana na wakuu wa mbuga za Uganda lipande miti ya hekta 25,000 pembezoni mwa Mlima Elgon. Shabaha ilikuwa kwamba moshi utakaotoka kwenye mitambo ya umeme Ulaya ufidiwe na miti itakayoota Afrika. Sipingi kupanda miti, nani atapinga? Lakini ukanda ule ulikuwa ukigombaniwa. Mtu aliyefukuzwa shambani mwake alitazama mti ukipandwa palipokuwa na mahindi yake, ili taa iwake nyumbani kwa mtu asiyemjua, katika nchi asiyoiona. Walipopata nafasi wananchi waliingia na mapanga wakaikata miti ile kwa wingi, wakapanda mahindi na maharagwe. Ukisikia habari hiyo bila mwanzo wake utasema hawa watu ni adui wa miti.

Sasa najua kuna msikilizaji anayetikisa kichwa. Ananiambia: wewe juma lile ulikuwa mkali juu ya msitu, leo umegeuka, kwani maji ya mijini umeyasahau? Sikuyasahau. Mlima Elgon ni tangi la maji. Mto Suam unatoka huko ukawa Turkwel, ukaingia katika bwawa la umeme, ukafika Ziwa Turkana. Maji mengine yanaingia Nzoia, yakateremkia Ziwa Viktoria. Yapo yanayokwenda upande wa Kyoga. UNESCO haikuupa mlima ule jina la hifadhi ya maumbile na binadamu bure, upande wa Kenya mwaka 2003, wa Uganda mwaka 2005. Wala si kila anayelima mlimani ni mwenyeji wa asili, na si kila shamba la mlimani ni salama. Tarehe 1 Machi 2010 mlima uliteleza ukafunika kijiji cha Nametsi, wilayani Bududa, na watu zaidi ya 300 wakahesabiwa kuwa wamepotea. Novemba 2024 udongo ukaporomoka tena, Bulambuli. Mahali penye mwinuko mkali, watu wengi na miti michache, ardhi haiulizi kabila.

Kwa hiyo mlima ulindwe. Katika hilo sirudi nyuma hata kidogo. Ninalorudi nyuma ni neno langu juu ya nani amlinde nani.

Maana nilipouliza Chepkitale nilipata jambo ambalo laiti ningalilijua kabla ya kufungua kinywa. Mwaka 2013 Waogiek wa kule waliandika sheria zao wenyewe. Wamekuwa nazo kwa mdomo tangu zamani, sasa wakaziweka kwenye karatasi, baada ya mikutano mingi ya wazee, akina mama na vijana. Ndani yake kuchoma makaa ni marufuku. Kulima mazao ya biashara katika nyanda za juu ni marufuku. Kuwinda tembo na wanyama wengine ni marufuku. Malisho yana zamu zake. Na hawakuishia kuandika, wamewahi kuwakamata wachoma makaa wakawakabidhi kwa wakubwa. Haihitaji elimu ya chuo kikuu kuona sababu. Mfuga nyuki anahitaji mti wenye maua, na mti huo hauwi makaa na maua kwa wakati mmoja. Asali kwao haikuwa ya kuuza tu. Ni ya dawa, ni ya baraka, ni ya posa.

Wakati huo huo nani alikuwa akikata mierezi na mipodo ya msituni kwa magari makubwa? Viwanda vya mbao vilivyokuwa na leseni. Nani aliyefyeka msitu wa asili apande misonobari ya kigeni kwa safu? Serikali, tangu wakati wa mkoloni. Hao sikuwaita wavamizi. Nakiri hata haikunipitia akilini. Walikuwa na karatasi.

Na kama ni karatasi, sasa wenyeji nao wanayo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 63, inasema ardhi ya asili ya jamii za wawindaji na wakusanyaji ni ardhi ya jamii. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu kule Arusha iliamua kwamba Kenya iliwavunjia haki Waogiek wa Mau, ndugu za hawa, na ikakataa hoja kwamba kuhifadhi msitu ni sababu tosha ya kuwafukuza. Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma ikawapa ushindi Waogiek wa Mlima Elgon wenyewe. Iliamua kwamba kuifanya Chepkitale hifadhi ya wanyama mwaka 2000 kulikuwa kinyume cha sheria, maana ile ilikuwa ardhi yao. Ile nyanda ya juu waliyobakishiwa na mkoloni, niliyowaambia tutairudia, ndiyo hiyo.

Miaka ishirini na miwili kati ya tangazo na hukumu. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa tangazo alikwisha kuwa na kitambulisho. Na mimi, mtangazaji nisomaye magazeti kila asubuhi, nilisimama mbele ya maikrofoni baada ya hukumu hiyo kutolewa, nikawaita wavamizi watu ambao mahakama ilikwisha kusema ni wenyewe. Hilo ndilo linaloniuma. Kosa la kutojua husameheka upesi, lakini hukumu ilikuwa imeandikwa, ilikuwa wazi kwa kila mtu, na sikujisumbua kuitafuta kwa sababu niliona najua tayari.

Nimemwandikia kijana wa Chebyuk. Nimemwomba ruhusa ya kwenda kwao, na amenijibu kwamba niende, ila nichukue sweta nzito na viatu vya kutembelea, kwani anataka tupande pamoja hadi Chepkitale, kule gari haliendi. Ameniambia pia kwamba nyanya hawezi tena kupanda, miguu imekataa, lakini atatuelekeza mahali pa boma lao la zamani kwa miti na mawe, na nikifika nimletee habari kama chemchemi iliyokuwa mlangoni ingali inatoka.

Nitakwenda, na nitawaletea habari hiyo hapa hapa.

Nyanya, mjukuu wako ameahidi kuiwasha redio leo hata ukimkemea. Kama unanisikia, neno lile nimelifuta. Nilikosea. Nikipanda nitaitazama chemchemi.